Paka Asipewe, Kitambaa Apewe

Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi,
Klabu ya West Ham United,
London Stadium,
London, Uingereza.

YAH: OMBI LA BEI ELEKEZI YA KUMPIGA MNYAMA TEKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kutoka Temeke, Dar es Salaam. Mtanisamehe kwamba mimi si mshabiki wenu. Huku tuligawana zamani: mwenye Manchester United na yake, mwenye Arsenal na presha yake, mwenye Liverpool na nyimbo zake, na wale walioingia na fedha za Abramovich wakanogewa wakabaki Chelsea. Ninyi Wagonga Nyundo tunawakumbuka hasa Jumamosi jioni, mkeka wa timu nane unapochanika kwa sababu mmeamua kumfunga mkubwa fulani siku ambayo hakuna aliyewatuma. Lakini mwenye la kusifiwa asifiwe, na mimi nimekuja kuwasifu.

Siku hizi kila taasisi inajidai ina maadili, na ukiuliza yako wapi unaonyeshwa bango. Ninyi hamkuwa na unafiki huo. Mliyapa maadili bei, mkaitangaza hadharani, mkakata hela, na ratiba ikaendelea bila kupoteza hata dakika moja ya mchezo. Serikali ngapi zimeshindwa kukusanya kodi kwa ufanisi wa namna hiyo?

Kwa kuwa barua hii ni ya wazi, na wapo watakaoisoma wakiwa wamesahau, nikumbushe kidogo. Jumatatu, tarehe 7 Februari 2022, gazeti la The Sun lilitoa video iliyorekodiwa nyumbani kwa Kurt Zouma, aliyekuwa beki wenu wa kati, Mfaransa mliyemnunua kutoka Chelsea mwaka uliotangulia kwa karibu pauni milioni 30. Tuko jikoni. Beki anamdondosha paka na kumchapa teke. Paka anakimbia, beki anamrushia jozi ya viatu. Halafu kinakuja kipande ambacho wengi hawakukitazama mara ya pili: paka yuko mikononi mwa mtoto, na beki anamzaba kofi paka yule palepale mikononi mwa mtoto. Anayerekodi ni mdogo wake, Yoan. Kicheko kinasikika. Kosa la paka lilikuja kuelezwa baadaye mahakamani: kiti kilikuwa kimeharibika, na mshukiwa alikuwa na kucha.

Sasa oneni jinsi hukumu zilivyofuatana, maana hapo ndipo sifa zenu zinapoanzia. Mtu wa kwanza kuamua hakuwa wakili wala mkurugenzi. Alikuwa mwanamke ambaye Yoan alipanga kukutana naye siku hiyo. Mahakama ilielezwa kwamba aliiona video mtandaoni, akamwandikia kuwa haoni sawa kumpiga paka namna hiyo, na kwamba asijisumbue kuja. Ujumbe mmoja wa simu, suala limekwisha. Hakuitisha kikao, hakuwasiliana na wadhamini, hakusema anasubiri uchunguzi ukamilike. Alikuwa mtu tu aliyekuwa anajiandaa kutoka.

Ninyi mlikuwa na muda mrefu kuliko yeye. Mlikuwa na Jumatatu na Jumanne mchana kutwa. Jumanne usiku mlikuwa na mechi nyumbani dhidi ya Watford, na kocha David Moyes akapanga kikosi, na beki yumo, tena anaanza. Kocha alipoulizwa alieleza kuwa yeye binafsi anapenda wanyama, ila kazi yake ni kupanga timu itakayoshinda. Nimelitafakari jibu hilo kwa miaka, na bado silioni kasoro. Hata mchinjaji wa Vingunguti anapenda ng'ombe.

Huku kwetu mechi ile ilianza saa nne na dakika arobaini na tano usiku. Banda umiza lina mabenchi ya mbao na feni moja inayozunguka kwa kusitasita, na usiku huo watu walikuwa wachache kwa sababu hakuna aliyeweka hela ya maana kwa Watford. Kila alipogusa mpira beki yule, mashabiki wakazomea, wenyeji na wageni. Mjukuu wa mwenye banda, ambaye saa hiyo alitakiwa awe amelala, akauliza mbona wanamzomea na yeye ni wa kwao. Babu yake akamjibu bila kugeuka, "Alipiga paka." Mtoto akafikiri. "Kwa hiyo leo hachezi?" Babu akanyoosha kidole kwenye runinga. "Si huyo hapo."

Mlishinda 1-0, bao la Jarrod Bowen. Mtoto akaenda kulala na jibu lake.

Lakini uzuri wa kazi yenu hauonekani vizuri mpaka mtu amtazame yule mdogo mtu. Yoan Zouma naye alikuwa mchezaji wa kulipwa, kwa Dagenham & Redbridge, klabu iliyokuwa ligi ya tano wakati huo, ya huko huko mashariki ya London, pua na mdomo na ninyi. Siku moja baada ya mechi yenu klabu hiyo ilitangaza kwamba hatacheza mpaka uchunguzi wa RSPCA, lile shirika la kutetea wanyama, umalizike. Video ni moja, paka ni yule yule, baba yao mmoja. Aliyepiga picha akawekwa pembeni. Aliyepiga paka akaanza kikosi cha kwanza. Klabu inayohesabu tiketi kwa vidole iliweza kumkosa mtu wake, na klabu iliyokuwa inawania nafasi ya Ligi ya Mabingwa haikuweza. Nimewahi kusikia watu wakisema umaskini unaharibu tabia. Pengine wanaosema hivyo hawajafika Dagenham.

Mtanijibu kwamba mlimtoza faini. Kweli, na hapo naomba kuvua kofia. Mlimkata kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa, mishahara ya wiki mbili, iliyoripotiwa kuwa pauni 250,000, na fedha zikaelekezwa kwa mashirika ya wanyama. Kwa pesa za madafu ni zaidi ya shilingi milioni 700. Kwa hela hiyo, nawahakikishia, paka wote wa soko la samaki la Feri wangekula changu wa kukaanga mpaka wazeeke. Mtu wa Temeke akisikia milioni 700 anashika kichwa. Akisikia kwamba ni wiki mbili, anashusha mkono. Ni kama dereva wa daladala aliyegonga mtu akaambiwa alaze gari mpaka Jumatano wiki ijayo, tena gari lenyewe linaruhusiwa kutembea. Maana ukweli ndio huo: mlichukua fedha, mguu mkauacha uendelee na kazi.

Ndiyo sababu ya ombi langu. Kama bei ipo, itangazwe yote. Tumezoea hapa, mafuta ya taa yana bei elekezi, sukari imewahi kuwa nayo, nauli inayo. Tunajua sasa kuwa teke moja, jozi moja ya viatu na kofi moja, kwa paka wa ndani, beki wa kati, katikati ya msimu, ni wiki mbili. Je, kwa mbuzi? Je, mnyama akiwa wa jirani bei inapanda? Mchezaji wa akiba anatozwa sawa na anayeanza, au yeye anawekwa pembeni kabisa kwa kuwa hana faida ya kumkatia bei? Hilo la mwisho nadhani Dagenham wamelijibu, lakini ningependa kulisikia kwenu.

Wadhamini nao walitenda haki kwa kadiri ya mikataba yao. Adidas waliachana na mchezaji, jambo la kueleweka kwa watu wanaouza viatu. Kampuni ya bima ya Vitality ilisitisha udhamini wake kwenu. Ofisi ya utalii ya Kissimmee, huko Florida, ilijitoa. Katika tufani yote hiyo jina lililokuwa kifuani mwa jezi halikutikisika: Betway, kampuni ya kubeti. Wao walibaki miaka mingine mitatu. Nakiri hapo nilicheka peke yangu. Klabu inahangaika kuwaelezea watoto wa dunia kwamba mchezaji ni kioo cha jamii, na mtoto akisogea kujitazama kwenye kioo anasoma tangazo la kamari. Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu zilikubaliana kuondoa matangazo hayo mbele ya jezi, ila kuanzia mwisho wa msimu wa 2025/26, kwa kuwa dhambi nayo ina haki ya kupewa notisi.

Mambo ya mahakama nitayapitia haraka, kwa sababu mahakama ilifanya kazi yake na haihitaji barua yangu. Zouma alikiri makosa mawili chini ya sheria ya ustawi wa wanyama. Tarehe 1 Juni 2022 akahukumiwa saa 180 za kazi za jamii na marufuku ya kufuga paka kwa miaka mitano. Mdogo wake alipata saa 140. Hakimu alimkumbusha Zouma kwamba vijana wengi humtazama na kutamani kuwa kama yeye. Maneno hayo tumeyasikia kwenye kila hafla ya kukabidhi vikombe, na huwa yanapita kama dua ya kufungulia mkutano. Safari hii upande wa mashtaka ulikuja na ushahidi: tangu video itoke, walisema, watu wamekuwa wakipiga paka na kuweka video zao mitandaoni. Kumbe ni kweli, watoto wanaiga. Tulidhani wanaiga mtindo wa nywele tu.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya ninunue karatasi. Agosti 2023, Declan Rice akiwa ameshauzwa Arsenal, klabu ilihitaji nahodha mpya. Mkamtafuta mtu mwenye busara, mtulivu, kiongozi wa wenzake ndani na nje ya uwanja. Mkampata. Mkamvika kitambaa Kurt Zouma.

Naomba mtulie na hesabu hii kwa sababu ni nzuri. Marufuku ya mahakama ilikuwa ya miaka mitano. Siku mnampa kitambaa alikuwa ametumikia mwaka mmoja na miezi miwili. Kwa hiyo kwa mujibu wa sheria za Uingereza, bwana huyu hakuaminika kukabidhiwa paka mmoja, na kwa mujibu wa bodi yenu aliaminika kukabidhiwa wanaume kumi. Na mtoto yule anayeshikwa mkono na nahodha kuingia uwanjani, wazazi wakipiga picha kwa machozi, angeruhusiwa kumshika mkono nahodha, ila kama ana paka nyumbani amwache huko huko. Hakuna mwandishi wa vichekesho wa Dar ambaye angethubutu kuandika hivi. Angeambiwa ametia chumvi.

Sisemi mtu akikosea apigwe mawe mpaka afe. Zouma alisimama mbele ya hakimu akakiri, akapewa adhabu yake. Zaidi ya hapo mimi na yeye hatudaiani, na hata jina lake nimelitaja kwa sababu bila hilo msingejua nazungumzia nini. Kusamehewa ni kitu kimoja. Kupewa kitambaa kabla adhabu haijafika nusu ni kitu kingine, na hicho hakukifanya yeye. Hakujichagua.

Kuna swali la Michail Antonio, aliyekuwa mshambuliaji wenu, ambalo siwezi kuliruka, hasa nikiwa na rangi hii niliyonayo. Wakati wa zogo lile aliwauliza waandishi: alichofanya Zouma ni kibaya kuliko ubaguzi wa rangi? Akakumbusha kwamba waliopatikana na hatia ya ubaguzi walifungiwa mechi nane, wakarudi kucheza. Banda umiza letu lilimuunga mkono kwa sauti kubwa, na nilikuwemo. Julai 2021 wachezaji weusi wa Uingereza, Rashford, Sancho na Saka, walikosa penalti kwenye fainali ya Euro, wakatukanwa kwa matusi ambayo paka hajawahi kutukanwa. Na kati ya waliozomea usiku ule wa Watford hatujui wangapi walikuwa kimya miezi saba nyuma yake, au walikuwa wanaandika. Swali ni zuri. Lakini aliwauliza waandishi, wakati wenye jibu mlikuwa ghorofani. Luis Suárez alifungiwa mechi nane mwishoni mwa 2011 kwa maneno aliyomtolea Patrice Evra. Mwaka 2014 alikuwa mchezaji bora wa Uingereza kwa kura za wachezaji wenzake. Yule alirudi kwa kuwa anafunga, na huyu hakutoka kabisa kwa kuwa anazuia. Mizani ni ile ile, na upande wa pili wa mizani hajawahi kukaa paka wala Mwafrika. Zimekaa pointi tatu.

Wala msidhani mko peke yenu. Wamarekani waliwatangulia, tena kwa jambo zito kuliko teke. Mwaka 2007 Michael Vick, nyota wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Atlanta Falcons, alipatikana na hatia katika kesi ya kupiganisha mbwa kwenye nyumba yake ya Virginia. Mbwa walioshindwa kupigana waliuawa, wengine kwa kunyongwa na kuzamishwa majini. Alihukumiwa miezi 23 jela. Nike wakamfukuza kwa tamko lenye uchungu mwingi. Akatoka, akasajiliwa na Philadelphia Eagles mwaka 2009, mwaka 2010 akacheza mpira wa maisha yake, na mwaka 2011 Nike wakamrudia. Vick angalau alikaa ndani, na alipotoka akazunguka akiwasihi vijana wasimwige. Nawauliza Nike tu: ule uchungu wenu ulipungua siku ya ngapi, au ulikuwa unafuata msimamo wa ligi? Zaidi ya mbwa arobaini walichukuliwa hai, na baadhi yao walifundishwa wakawa wanapelekwa kufariji wagonjwa. Hao hawakupata mdhamini.

Na kwenye Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, farasi aitwaye Saint Boy alikataa kuruka, mpandaji akawa analia juu yake, na kocha wa Ujerumani akampiga ngumi farasi. Kocha alitolewa mashindanoni, kisha wakuu wa mchezo huo, pentathlon ya kisasa yenye michezo mitano ndani yake, wakakaa, wakatafakari, na baada ya Paris 2024 farasi wakaondolewa mchezoni moja kwa moja, nafasi yao ikachukuliwa na mbio za vikwazo. Ni shauri la nadra ambamo aliyepigwa ndiye aliyestaafishwa. Najua farasi hakukata rufaa.

Mtasema, na mna haki, Temeke inatufundisha nini kuhusu wanyama? Hapa kuku wanasafirishwa miguu juu kichwa chini kwenye bodaboda kutoka Mbagala mpaka Kisutu, na punda mwenye kidonda anavuta mkokoteni wa maji huku anachapwa kwenye kidonda hicho hicho. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, na punda bado hajaisoma. Kwenye madrasa zetu za pwani tulisimuliwa habari ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumpa chakula wala hakumwachia ajitafutie, akaingia motoni kwa ajili ya paka huyo. Tulitetemeka, halafu tukatoka tukarushia mawe mbwa koko. Kwa hiyo sijasimama mimbarini. Tofauti ninayoiona ni ndogo: mwenye bodaboda ya kuku hauzi jezi yenye jina lake mgongoni kwa mtoto wa watu, wala hakuna anayemwita mtoto huyo kutoka kitandani aje amtazame akiendesha.

Naandika sasa, ingawa nahodha mwenyewe mlimpeleka kwa mkopo Saudi Arabia mwaka 2024 na kocha aliyempanga ameshaondoka. Wachezaji hupita na makocha hupita. Viti vya bodi havihami. Sijasikia utaratibu wowote uliobaki nyuma unaosema kwamba mchezaji akionekana leo akimtesa mnyama, kesho hatapangwa, awe beki wa kati au mfungaji bora, iwe ni Watford au fainali ya Ulaya kama ile ya Prague. Kama upo, nitumieni nakala, nitaibandika bandani karibu na ratiba. Kama haupo, basi nitumieni ile bei elekezi, ili mjukuu wa mwenye banda, ambaye sasa anacheza namba nne timu ya mtaa na ana mguu mzito, ajue mapema anatakiwa kuwa mzuri kiasi gani kabla hajaanza kupiga paka.

Naomba kuwasilisha.

Wenu mtiifu,
Mtazamaji, benchi la pili kutoka mbele

Nakala:
Katibu, Klabu ya Dagenham & Redbridge – kwa heshima na shukrani.
Nike, Idara ya Uchungu – kwa taarifa, mkishapoa.
Betway – hatuna jambo. Tunajua mko hapa hapa.